Mistari ya Piko

Mtu akiniuliza kazi yangu siku hizi, namwambia nasoma migongo ya watoto. Wengine hucheka, wengine huniangalia kama mtu aliyepigwa na jua sana. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Hola, na miaka yangu mingi nimeitumikia Garissa, ambako nilikuja nikidhani nitakaa kidogo tu kisha nihamishwe. Sikuhamishwa. Nikazoea joto, nikazoea chai ya maziwa ya ngamia, nikajifunza Kisomali cha kuulizia homa na kuharisha. Hata mdomo wangu, ambao kwetu walikuwa wakiulalamikia, huku niligundua una wenzake wengi tu.

Daktari mmoja wa ngozi alipokuja kutoka Nairobi kutafuta wauguzi wa kumsaidia katika utafiti wake, nilijiandikisha wa kwanza. Sikufanya hivyo kwa kupenda sayansi. Nilijiandikisha kwa hasira. Nilikuwa nimechoka kuona mtoto yuleyule anarudi na upele uleule, nasi tunampa tyubu ileile ya dawa, mama anashukuru, na mwezi ujao wako mlangoni tena.

Daktari alitaka kujua watoto wa huku wanasumbuliwa na magonjwa gani ya ngozi, na katika hao ni akina nani wanaoumwa kwa sababu ya kitu kinachowagusa. Hiyo ndiyo aleji ya kugusa. Ngozi ya mtu inaamua haikitaki kitu fulani, iwe hereni, sabuni au mpira wa kandambili, na kila kikiigusa inawaka. Haiambukizi. Hilo la mwisho tuliliimba kila tulipokwenda, na ndilo lililokuwa gumu kuliko yote kuaminika.

Siwalaumu waliokataa. Mfugaji anajua tangu utotoni kwamba ngamia mwenye ukurutu hutengwa mapema, kabla hajajisugua kwa wenzake. Ni akili nzuri na imeokoa mifugo mingi. Na mara nyingine hata kwa watoto ni kweli: Kotile tulikuta upele wa kuambukiza hasa, nyumba nzima wanajikuna kuanzia nyanya hadi kitinda mimba, na Dagahaley tulikuta vichwa vya wavulana vimejaa mashilingi, yale mabaka ya duara yasiyoota nywele, kwa kunyolewa wembe mmoja. Lakini si kila ngozi inayowasha ni ya kukimbiwa.

Modogashe tulipewa chumba kimoja cha zahanati, chenye dirisha linalotazama barabara. Malori yalikuwa yakisimama hapo yakielekea Isiolo au yakirudi Garissa, na vumbi lake lilikuwa likiingia bila kubisha. Hapo ndipo nilipokutana na msichana ninayetaka kumsimulia. Alikuwa na umri wa miaka tisa hivi, mrefu, mtandio umevutwa mpaka karibu na macho. Alisimama mlangoni mpaka nilipomwita, na hata nilipomwita alitafuta kwanza mahali pa kusimama pasipo na mtu.

Mama yake alimshika mkono akamleta mbele. Alikuwa mwanamke mwembamba, mchangamfu, ncha za vidole vyake nyeusi tii. Nilijua kazi yake kabla hajanena. Vidole vile ni vya mpambaji wa maharusi, anayechora maua ya piko. Piko ni rangi nyeusi ya nywele ambayo wapambaji huichanganya na maji na kuichorea mikononi na miguuni. Hina ya majani hukaa saa nyingi ndipo ishike, na rangi yake ni ya wekundu. Piko hushika upesi na kung'aa kama wino, na bibi harusi wa leo hana subira.

"Sista," aliniambia, "hii kitu inaenda, inarudi. Mimi nimebaka kila kitu. Nimebaka samli, nimebaka malmal, nimebaka dawa ya duka, nimebaka mbaka basi."

Kisomali hakina p wala v, basi kwake kupaka kulikuwa kubaka. Malmal ni manemane, utomvu unaotoka kwenye miti yao wenyewe, na huku hakuna kidonda kisichowahi kuonja malmal. Nilimvua mtoto mtandio. Upele ulikuwa kwenye mashavu, kwenye mstari wa nywele ambapo misuko inaanzia, nyuma ya masikio, shingoni, na kwenye mikono yote miwili juu kidogo ya kiwiko. Ulikuwa mwekundu, wenye magamba, umekunwa mpaka damu. Tumboni hakuna. Miguuni hakuna. Nilishangaa ni kitu gani kinachochagua hivyo.

Nikauliza maswali yote niliyofundishwa kuuliza. Anavaa hereni? Hapana, zilitolewa. Sabuni gani? Ya kipande, na wote nyumbani wanaitumia. Amepakwa piko? Mama akainua kidole.

"Habana. Iddi moja, zamani, nilimchora kidogo, ikamwasha. Nikaacha. Yeye namwekea hina ya majani tu. Mimi si mjinga, sista."

Hakuwa mjinga hata kidogo. Nikaandika kwamba hapakwi piko, nikaendelea na mengine.

Wakati naandika, nilimuuliza msichana darasa lake. Hakujibu, akamtazama mama yake. Ndipo mama akaeleza, kwa sauti ya chini kama anayesema jambo la aibu. Mwalimu wa duksi, wanakosomea Qurani, alikuwa amemwambia mtoto akae nyumbani mpaka apone. Shuleni alikuwa na dawati lake peke yake. Na nyumbani, mke wa shemeji yake, ambaye wanaishi naye ua mmoja, alikuwa amemnunulia sahani ya plastiki ya kijani. Watoto wengine wanne wanakula kutoka sinia moja, yeye anakula kwenye ile sahani, upande wa pili wa ua.

"Bado analala kwa mimi," mama akasema. "Usiku namshika haba, hajikuni." Akamzungushia mtoto mikono, akamkamata juu kidogo ya viwiko, kunionyesha mkao wa kulala. Msichana akaegemea nyuma kwa kifua chake na kufumba macho. Nilijisikia vibaya moyoni. Yule mtoto alikuwa amebakiwa na mtu mmoja tu duniani wa kumgusa.

Kipimo cha aleji ya kugusa ni rahisi kukieleza, na ni kigumu kukifanya mahali kama Modogashe. Unabandika mgongoni plasta zenye vikombe vidogo vidogo vilivyopangwa safu, na ndani ya kila kikombe umeweka tone la kitu kimoja: hiki madini ya hereni, hiki manukato, hiki dawa ya ngozi ya viatu, hiki mpira, hiki rangi ya nywele. Zinakaa siku mbili. Ukibandua, unatazama ni kikombe gani kimeacha alama. Katika siku hizo mbili mgongo haulowi, mtoto hakimbii, hajikuni, na hatoki jasho. Usitoke jasho! Modogashe! Nilikuwa nikiyasema hayo maagizo huku tone la jasho likinidondoka kwenye karatasi.

Msichana aliyasikiliza kwa makini. "Siku mbili?" akaniuliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake.

"Siku mbili kamili. Hakuna kutoa. Hata ikiwasha kidogo, hata mtu akikuambia toa, unasema sista amesema siku mbili."

"Siku mbili," akarudia.

Nilichukua kalamu ya wino wa ngozi nikachora mistari kuzunguka plasta, wima na mlalo, ili nikishazibandua nijue kikombe kipi kilikuwa wapi. Kisha nikamgeukia mama nikamwambia kwa mkazo, maana nilishapoteza vipimo viwili wiki ile kwa sababu ya jasho: mistari hii ikifutika, kazi yote imekwenda bure. Ilinde kama macho yako.

"Nitalinda," akasema. Na alilinda.

Siku ya kuja kusoma walifika kabla sijafungua mlango. Msichana alikuwa ameketi kwenye ngazi, mgongo umenyooka kama anayebeba mtungi, na aliponiona alisema tu, "Sikutoa." Nikampongeza, nikamwingiza ndani, nikampandisha gauni.

Nilichokiona sijakiona tena tangu siku hiyo. Ile mistari yangu, niliyoichora ovyo kwa haraka, ilikuwa imenyooka kama ya rula. Na yote, wima na mlalo, ilikuwa imevimba. Ilikuwa myekundu, imeinuka juu ya ngozi, na juu yake yamejipanga malengelenge madogo yenye maji, mstari baada ya mstari, pembe baada ya pembe. Mgongo wa mtoto ulikuwa umechorwa dirisha la vidonda.

"Nani amechora hapa?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Mimi," mama akajibu, na alitabasamu. "Kalamu yako mbaya, sista. Usiku ule wa kwanza jasho ilianza kufuta. Nikasema, sista atakasirika. Nikaleta ya kwangu. Biko haifutiki. Ni mistari nyembamba tu, siku mbili tu, nikasema haiwezi kumwasha sana."

Alikuwa ameketi nyuma ya mwanawe na koni yake ya piko, kwa mkono usiotetemeka, akafuata mistari yangu na kuinyoosha palipopinda. Alifanya vile ili kazi yangu isipotee. Alikuwa bado anatabasamu alipozunguka kuja upande wangu kuonyesha, na hapo ndipo na yeye akaona. Asubuhi ile mtoto alikuwa amejivika gauni mwenyewe kwa uangalifu, na hakuwa amesema kwamba panauma. Aliambiwa hata ikiwasha, siku mbili.

Nilibandua plasta. Chini ya vikombe karibu vyote ngozi ilikuwa safi. Kimoja tu kilikuwa kimeacha duara jekundu lililovimba, nacho kilikuwa kile cha rangi ya nywele, kitu kilekile kinachokuwa ndani ya piko. Sikuhitaji hata hicho kikombe. Jibu lilikuwa limeandikwa mgongo mzima.

Na ghafla nikauelewa ule upele unaochagua. Mashavu, ambako mama humshika akimbusu. Mstari wa nywele na nyuma ya masikio, anakomsuka. Shingo, anakompaka samli. Juu ya viwiko, anakomkamata usiku asijikune. Mama anatoka kwa bibi harusi na piko mbichi chini ya kucha na kwenye vidole, anafuta kwa kitambaa, anamshika mwanawe. Yeye mwenyewe haimdhuru. Mtoto inamuunguza. Upele ukizidi, anapakwa dawa zaidi, kwa vidole vilevile.

Nilimweleza polepole, kwa Kiswahili na kwa kile Kisomali changu cha homa. Nilimwambia kwamba mtoto haambukizi mtu na hajawahi kuambukiza. Nikamwambia piko ikiwa mbichi ndiyo inayomchoma, na inamfikia kupitia mikono. Daktari, niliyempigia simu na kumtumia picha, alisema hivyohivyo, akataja dawa ya kutuliza, na akasema mama aachane na piko kabisa kama anaweza.

Mama alisikiliza yote bila kunikatiza. Kisha akaitazama mikono yake, kwanza viganja, halafu migongo ya vidole.

"Kwa hifyo ni mimi," akasema.

"Si wewe. Ni dawa ya rangi."

"Ilikuwa kwa mkono ya nani?"

Aliificha mikono ndani ya mtandio. Walipoondoka alitembea mbele, na msichana akafuata nyuma yake hatua kadhaa, akinyoosha mkono mara moja kumshika gauni, kisha akaushusha.

Nilirudi baada ya mvua, barabara ilipopitika tena. Njiani nilikuwa na wasiwasi, maana kumwambia mtu aache kazi inayomlisha ni rahisi ukiwa unalipwa mwisho wa mwezi. Niliingia ule ua wao mchana, nikakuta watoto watano wamezunguka sinia la wali. Nilianza kutafuta mgonjwa wangu kwa macho, nikamkosa. Nilitazama kando, upande wa pili wa ua, hakuna mtu. Ile sahani ya kijani ilikuwa pale, kuku wanainywea maji. Mpaka mmoja wa wale watoto akainuka na kupiga kelele "Sista!" ndipo nikamjua. Mashavu laini, shingo safi. Nilifurahi mpaka nikamwinua, na alivyokuwa mrefu karibu tuanguke wote wawili.

Mama alitoka jikoni kunisalimu. Alikuwa ameacha piko. Sasa anachora kwa hina ya majani, vidole vimekuwa vya rangi ya machungwa, na alinieleza bila kulalamika kwamba maharusi wengine wamemkimbia, wengine wamebaki. Alisema duksi wamempokea mtoto, na mke wa shemeji yake alikuja mwenyewe kuomba radhi. Yote yalikuwa mema. Nilikaa kwenye mkeka nikasubiri chai nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Ilipokuja chai, alinipa mimi kikombe mkononi. Cha mwanawe alikiweka juu ya kigoda, akarudi nyuma hatua moja, ndipo akamwita akichukue. Nikadhani nimeona vibaya. Kisha nikaitazama misuko ya yule mtoto. Ilikuwa imepinda, mmoja mnene mwingine mwembamba, na mama yule hajawahi kuchora mstari uliopinda maishani mwake.

Msichana aliomba kunionyesha mbuzi aliyezaa. Tulipofika nyuma ya ua akaniuliza, "Sista, mimi nimebona?"

"Umepona kabisa."

"Basi mwambie hooyo." Hooyo ndiye mama kwa Kisomali. "Watu wote wanajua. Yeye tu bado anaogoba mimi. Nalala na ayeeyo siku hizi. Nywele, mke wa adeer ananisuka."

Ayeeyo ni nyanya yake, na adeer ni ami yake wa ua uleule. Alikuwa amelielewa jambo kinyume. Watu wote walikuwa wamemrudia, na yule mmoja ambaye hakuwahi kumwacha ndiye aliyemwacha. Nilisimama pale na yule mbuzi wao, na hasira yangu ya siku zote haikupata wa kumwangukia.

Nilirudi mkekani nikamwambia mama, mbele ya mtoto, maana nilitaka alisikie pia: "Mwanao anadhani unamwogopa."

Mama alishtuka. "Yeye? Mimi naogoba yeye?" Akaiinua mikono ile ya machungwa. "Naogoba hii!"

"Hiyo haina kitu tena. Piko imetoka, ngozi yako imejibadilisha, na hina ya majani haikuwahi kumdhuru."

"Na kama imebaki kidogo? Ndani ya kucha? Wewe uliona mgongo yake."

"Basi tupime," nikasema. "Kazi yangu si kupima?"

Nilimmwagia maji na sabuni, akanawa kama anayejiandaa kwa swala, tena na tena. Nikampandisha mtoto gauni. Alama za ile mistari zilikuwa bado zipo, zimebaki kahawia hafifu, zimenyooka vilevile. Mama alipoziona alitaka kurudi nyuma, nikamkamata kifundo cha mkono, nikakilaza kiganja chake chote katikati ya mgongo wa mwanawe.

"Uache hapo mpaka nimalize chai," nikasema. "Halafu utoe, tusome."

Najua vizuri kwamba hakuna kipimo cha namna hiyo. Daktari angenicheka, au angenifukuza. Lakini nilikunywa ile chai polepole, mimi ninayeimaliza chai ikiwa ya moto. Mkono wa mama mwanzoni ulikuwa umekakamaa, vidole vimeinuka kama vinavyogusa kikaango. Kisha kidole kimoja kikalala, na kingine. Mtoto alikuwa amenyoosha mgongo, uso ukutani, hapumui sawasawa.

Chai ikaisha. Nikaweka kikombe chini.

"Haya, mama. Toa mkono tuone."

Msichana hakugeuka.

"Bado," akasema. "Sista, wewe mwenyewe ulisema kibimo ni siku mbili."

Mama hakuutoa mkono. Nikajimiminia chai nyingine.